Doti Juu ya Vichwa Vyetu

Tulikuwa tumeshapita Tunguu, safari yetu ya Makunduchi ya kila mwisho wa mwezi, bi mkubwa amekaa nyuma na wajukuu wake wawili, aliponiuliza kwa upole kwa nini gari inamshika kichwa. Nikatupa jicho kwenye kioo. Kitambaa cha dari kilikuwa kimeachia kuanzia juu ya mlango wa nyuma, kimeshuka kama tanga lililokosa upepo, kimelala juu ya mtandio wake. Kila tairi ilipoingia shimoni, kitambaa kikampapasa. Tuliposhuka alijipangusa mabega, kisha akaninyooshea kiganja nione. Kilikuwa kimejaa vumbi la rangi ya manjano iliyoungua, laini kama unga wa dengu.

Vumbi lile ndilo kisa kizima, na laiti ningelichunguza siku ile nisingelipa kazi moja mara mbili.

Ukitaka kujua kwamba maradhi haya si ya gari yangu peke yake, simama asubuhi pale Malindi karibu na bandari, au Kijangwani zinapogeuza daladala, uchungulie madirishani. RAV4, Escudo, Noah, Ist: gari zilizotumika Japani miaka mingi kabla ya kupakiwa melini kuja kwetu. Utaona dari zilizobanwa kwa pini za ubao, nyingine pini zimepangwa safu kwa safu kama vifungo vya kochi. Utaona zilizotiwa nyuzi kwa sindano ya mkono. Utaona na zilizochanwa kabisa, ubao uko mtupu una madoadoa ya kahawia, na dereva anaendelea na ruti zake kama kawaida. Injini tunaitengeneza, shokapu tunabadilisha, bodi iliyoliwa na chumvi ya bahari tunaipiga rangi upya. Dari tunaiacha imwangukie abiria, na abiria huyo mara nyingi ni mama yetu.

Dari ya gari ya siku hizi ni vitu vitatu vilivyogandana. Juu, upande wa bati, kuna ubao uliofinyangwa kufuata umbo la paa, mwepesi kama kadibodi, mara nyingi umetiwa nyuzi za kioo ili usikunjike. Chini yake kuna sponji nyembamba ya milimita mbili au tatu. Chini ya sponji ndipo kilipo kitambaa tunachokiona. Sponji na kitambaa huja vimeshaungana, na gundi hupakwa kati ya sponji na ubao. Gari za zamani, kama Morris Minor na zile Volkswagen zenye mgongo wa kobe, hazikuwa hivyo. Kitambaa chake kilishonewa mifuko myembamba kwa nyuma, fimbo za chuma zilizopindwa zikapitishwa humo na kushikizwa kwenye bodi, kisha kikavutwa pande zote kikakaza kama ngozi ya ngoma. Dari ile iliweza kuchanika na kuchafuka. Kuporomoka kwa sababu ya sponji haikuweza, kwani sponji haikuwamo. Hata daladala zetu za mbao, ambazo sasa zinazidi kupungua, zile za viti vya kuelekeana ambazo unaziingia umeinama, hazina cha kuanguka: paa ni mbao zilizopangwa na fundi seremala, basi.

Sponji hii ni ya poliyurethini, kitu kilichogunduliwa Ujerumani na Otto Bayer na wenzake mwaka 1937. Magodoro yetu, makochi yetu, viti vya vespa na vya gari vyote vimejaa jamaa zake. Ni kitu kizuri, ila kina maadui wawili, joto na unyevu, na wakikutana hao wawili hawaiachi salama. Maji yaliyo hewani huvunja viungo vya ndani vya sponji kidogo kidogo, na joto huharakisha kazi hiyo, mpaka siku moja haibaki sponji, inabaki unga. Nasi Unguja tumejaaliwa vyote viwili. Gari iliyofungwa vioo ikaachwa kwenye jua la kaskazi, ndani yake joto huweza kufika nyuzi 60, na hewa kali zaidi ndiyo ile iliyojikusanya juu, pale pale penye dari. Kisha inakuja masika, kila kitu kinaota ukungu, hata mikanda ya suruali kabatini. Kwa mkaazi wa Mji Mkongwe hali ni nzito zaidi. Vichochoro vya Kiponda, Hurumzi na Mkunazini havipitishi gari, kwa hiyo gari inalazwa nje, Malindi au upande wa Mnazi Mmoja, na huko hushinda tangu asubuhi hadi alasiri. Nyumba iko kivulini, gari iko juani.

Kwa hiyo kitambaa kinachokuning'inilia hakina kosa lolote. Mara nyingi ni kizima kabisa. Kilichokufa ni sponji iliyo nyuma yake, na hapa ndipo pesa zetu zinapopotea. Fundi wa kwanza niliyempelekea gari, ambaye sina haja ya kumtaja, hakuishusha dari. Alichana kidogo pembeni, akaingiza mdomo wa kopo la gundi ya kupuliza, akakandamiza kwa viganja kuelekea nje, kazi ya robo saa. Ilipendeza. Lakini gundi ile ilishika kitambaa upande mmoja, na upande wa pili ikashika unga, na unga haushikiki. Wiki tatu za mvua zilitosha. Kitambaa kikashuka tena, safari hii kikiwa kigumu na chenye mapele ya gundi iliyoganda.

Wa pili alikuwa mshonaji wa makochi na viti vya gari katika mitaa iliyo nyuma ya majumba ya Michenzani. Alipomsikiliza bi mkubwa akieleza habari ya vumbi, hakutaka hata kuitazama gari. Alisema dari ishuke yote, na kwamba kama sina siku mbili nisimpotezee wakati. Nikamwachia ufunguo.

Kushusha dari ni kazi ya subira kuliko nguvu. Kwanza waya wa betri unachomolewa, na mtu anakaa dakika kadhaa bila kugusa kitu. Hili naliomba lisipuuzwe, kwa sababu gari nyingi za karibuni zina mifuko ya hewa iliyokunjwa pembezoni mwa paa, juu ya milango, ili ishuke kama pazia gari ikigongwa ubavuni. Ukiona kwenye nguzo za milango kumeandikwa SRS, jua kwamba nyuma ya plastiki ile kuna kitu kinachofyatuka, na kitambaa kipya kisibandikwe wala kushonwa kwa namna ya kukizuia. Kisha vinatolewa vikinga jua, mikono ya kushikia, taa ya ndani, plastiki za nguzo, raba za milango. Kila skrubu inatiwa kwenye kopo lake. Viti vinalazwa, na ubao mzima unatolewa kupitia mlango wa nyuma, watu wawili wanaubeba kama wanavyobeba mgonjwa, maana ukikunjika mara moja tu mstari wake hauondoki tena.

Ukishatoka, paa la gari linabaki bati tupu. Nilisimama nalitazama, na ndipo nilipoelewa kwa nini fundi hakutaka haraka. Karibu na skrubu za reli ya mizigo palikuwa na duara la kutu, na chini yake ubao ulikuwa na doa la maji. Paa lilikuwa linavuja kwa siri. Tungebandika kitambaa cha thamani ya dunia nzima, maji yangekishusha. Fundi alikwangua kutu, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akaziba tundu za skrubu, kisha akabandika kwenye bati matabaka ya sponji yenye karatasi ya fedha ili joto la jua lipungue kabla halijafika kwenye ubao. Hakuna atakayeyaona hayo, wala hayapigwi picha. Kwangu mimi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Ubao nao ulipelekwa uwanjani, mbali na cherehani. Kijana wake alijifunga kitambaa puani, akaanza kuusugua kwa brashi laini, halafu msasa mwepesi, na ule unga wa manjano ukapanda juu kama moshi wa udi. Alirudia mpaka alipopitisha kiganja kikatoka safi.

Tukaja kwenye kitambaa. Desturi ni kijivu au rangi ya maziwa ya chai, kitambaa cha kuvutika chenye sponji yake nyuma, na ni chaguo la heshima kwa sababu huingia kwenye kila bonde la ubao bila kulalamika. Wapo wanaotaka mahameli, wapo wanaotaka ngozi bandia iliyotiwa nyuzi nyekundu kama ya nganya, zile matatu za Nairobi ambazo dari zake huwaka taa za kila rangi usiku. Kiwanda cha Rolls-Royce hutoboa dari ya ngozi kwa mkono, tundu zaidi ya elfu moja, na kila tundu hupitishwa uzi wa mwanga ili abiria aone anga la nyota. Ni ustadi, sikatai. Lakini bi mkubwa alikuwa na lake. Alifungua sanduku, akatoa doti ya khanga ambayo haijakatwa, rangi nyekundu na nyeupe, akasema kama kitambaa kitakaa juu ya kichwa chake basi na kiwe anachokijua.

Sikushangaa sana. Watu wa mwambao wamezoea kutandiwa kitambaa juu yao. Chandarua, mbali na kuwa jina la neti ya mbu, ni jina pia la kitambaa kinachotandwa juu ya watu kama paa, na Wagujarati wana chandarvo, kitambaa cha kutundika juu chenye nakshi. Vitanda vya samadari vilikuwa na nguzo nne na kitambaa juu ya mlalaji. Na katika nyumba za Mji Mkongwe, ambazo upana wa vyumba vyake ulipimwa na urefu wa boriti za mikoko, dari ni kitu kinachotazamwa: boriti zimepangwa, zimepakwa rangi, mgeni akiegemea mto anaziona. Huu ni mji ambao ulipokea merikani kutoka Salem baada ya sultani kutia saini mkataba na Marekani mwaka 1833, ukavaa kaniki, ukazaa khanga. Kitambaa cha kijivu kutoka kiwandani hakitukatazi chochote, ila hakisemi nasi.

Khanga, hata hivyo, haikuumbwa kwa gari, na fundi hakunificha hilo. Ni pamba nyembamba isiyovutika. Gundi ikizidi hujitokeza upande wa mbele ikaacha doa lisilotoka. Ikibandikwa kavu kavu juu ya ubao huonyesha kila kovu. Kwa hiyo kwanza ilifuliwa mara mbili kwa maji ya vuguvugu, ili stachi itoke, ijikunyate iwezavyo kujikunyata, na ijulikane kama rangi inachuja. Ikapigwa pasi. Kisha ikabandikwa kwenye sponji mpya ya milimita tatu yenye wavu wa uzi nyuma, ikapata mwili. Na kabla ya yote hayo alikata ukanda mwembamba pembeni akauwasha kiberiti mbele yangu, nione unavyokimbia moto. Marekani tangu mwaka 1972 kuna kanuni kwamba kitambaa cha ndani ya gari kisiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Pamba ambayo haikutiwa dawa haina ahadi hiyo. Nami nikaahidi mawili: hakuna sigara ndani ya gari ile, na taa ya dari ibadilishwe iwe ya LED isiyochemka.

Hesabu ya vipimo ilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kipande kimoja cha khanga kina upana wa kama sentimita 150 na kimo cha kama 110. Dari ya gari yangu ina upana wa 120 na urefu usiofika 200. Ukiilaza doti kwa urefu, toka kioo cha mbele hadi nyuma, ubavuni inapungua. Ukiikata vipande viwili ukavilaza kwa upana, kimoja mbele na kimoja nyuma, unapata 150 kwa 220, na dari inafunikwa na kukunjwa kingo zake. Ushono unaangukia katikati, kwenye mstari wa taa, pindo la juu la kipande cha mbele likikutana na pindo la chini la kipande cha nyuma. Kama khanga ile ilichorwa kwa ajili hiyo, isingekaa vizuri zaidi.

Likabaki jina. Kila mtu anajua kwamba khanga inasema, na kwamba nyingine zinasema vibaya. Kilichoandikwa kwenye nguo mtu anapita nacho, jirani anakisoma na yameisha. Kilichoandikwa kwenye dari kinakaa juu ya kila unayempakia, mkwe, mgonjwa anayepelekwa Mnazi Mmoja, mgeni wa uwanja wa ndege. Kijembe hakifai mahali pale. Ya bi mkubwa ilikuwa dua fupi ya kumkabidhi msafiri kwa Mola, na nadhani ndiyo sababu aliichagua, ingawa hakusema.

Lakini ielekee wapi? Ubao ulikuwa umelazwa mezani, upande wa kitambaa juu. Nikaenda kusimama upande wake wa nyuma, mahali wanapokaa abiria, nikasoma maneno yamenyooka, nikamwambia fundi sawa, bandika. Akatikisa kichwa. Akamwita kijana, wakauinua ubao, wakaupitisha juu ya kichwa changu kama unavyokaa garini, mbele ukielekea mbele. Dua ilikuwa juu chini. Anayetazama dari hali ameelekea mbele, kilicho mbali naye ndicho kinachokuwa chini machoni pake, kwa hiyo miguu ya herufi lazima ielekee kioo cha mbele. Mezani inabidi uisome ukiwa umesimama upande wa kioo cha mbele, kinyume kabisa cha akili inavyokutuma. Fundi huyu alinieleza kwamba alijifunza hivyo kwa kulipa kitambaa cha mteja.

Kubandika kwenyewe hakukuchukua nusu saa. Walilaza kitambaa mahali pake, wakakikunja nusu kuelekea nyuma, wakapuliza gundi kwenye ubao na kwenye sponji, ukungu mwembamba, wakasubiri, wakapuliza tena. Ni gundi ya kuvumilia joto. Ile ya kawaida ya viatu hulegea juani, na ikipakwa kwa brashi huacha mabonge yanayoonekana. Fundi aligusa kwa mgongo wa kidole: inanata, haiji na kidole. Hapo akaanza katikati, kwenye ushono, akilaza kitambaa kwa kiganja kilicho wazi, anasukuma kwenda nje, hewa inatoka, anasukuma tena. Penye bonde la vikinga jua hakuvuta. Alikisindikiza kwa vidole viwili mpaka kikakaa chini, ndipo akaendelea. Ukikivuta kipite juu ya bonde, alisema, leo kinaonekana kimekaza, kesho joto linakiinua. Nusu ya pili ikafuata. Tundu za taa na mikono zilichanwa kwa wembe, alama ya msalaba ndogo kuliko tundu, ncha zikakunjwa nyuma na kutiwa gundi. Ubao ukalala ndani usiku kucha, mbali na jua.

Mwisho wa mwezi tulirudi Makunduchi. Bi mkubwa aliingia, akaegemea, akanyoosha mkono akapapasa pindo kuanzia mlango hadi kwenye taa, kama anavyopapasa khanga dukani Mchangani kabla ya kuuliza bei. Wajukuu walikuwa wakiisoma dua kwa zamu kuanzia Fuoni, mdogo akiwa bado anajifunza kuunganisha silabi. Kwenye mashimo ya Kitogani niligeuza jicho kwenye kioo. Dari haikutikisika.

Vikinga jua viwili bado ni vya kijivu. Kipande kilichosalia ni ukanda wa pindo la juu, unatoa pande tatu, na kila kikinga jua kinataka mbili. Nimezunguka Mchangani duka kwa duka na ncha ya khanga ile mfukoni. Nimeambiwa toleo lile halipo tena, labda Pemba, labda kwa mtu. Bi mkubwa amesema pande mbili ziende upande wa dereva, kwani yeye macho yake yako juu.